Alichoambiwa Habili

Waliokaa sebuleni siku hiyo walikuwa wanne, na aya zilisomwa na watu watano. Hakuna aliyeshtuka. Wasomi wakishazama katika maandiko huwezi kuwatoa huko hata kwa tarumbeta, na hawa wanne walikuwa wasomi wa kweli, wale wa kuja na vitabu vyao wenyewe na kubishana kabla chai haijamiminwa.

Ilikuwa Jumamosi mchana, Kahawa Sukari, nyumbani kwa Wangechi. Wangechi alifundisha dini linganishi kwa mkataba wa muhula, leo chuo hiki kesho kile, na kwa miaka mingi alikuwa anahangaika na tasnifu ya uzamifu iliyokataa kwisha. Tasnifu yenyewe ilihusu aya moja. Katika Mwanzo, Kaini anamwambia nduguye Habili jambo, kisha wako shambani, kisha anamwua. Jambo lenyewe halitajwi. Katika Kiebrania pana pengo tu, na tangu zamani kila mtu amelijaza kwa maneno yake: watafsiri wa Biblia wakamfanya Kaini aseme twende shambani, marabi wakasema waligombania ardhi, wafasiri wa Kurani wakasema waligombania mke. Wangechi aliyajua yote hayo kwa kichwa. Lakini msimamizi wake alikuwa amemrudishia sura ya nne ya tasnifu kwa mara nyingine, na pembeni ameandika yaleyale: umetuambia wengine wanasema nini, wewe unasema nini? Hapo ndipo palipomuuma. Yeye hakuwa na la kusema.

Ndiyo maana alianzisha kikundi. Alimwalika Daktari Githae, aliyefundisha theolojia katika chuo cha kanisa huko Thika na ambaye hajawahi kumaliza sentensi bila kusema "kwa upande mwingine". Alimwalika Ustadhi Kimeu, Mkamba Mwislamu aliyesomesha madrasa Thika na kujua tafsiri za Kurani kurasa kwa kurasa. Alimwalika pia Mwalimu Aoko wa Gatongora, mstaafu aliyesomesha dini sekondari maisha yake yote, na shemasi katika kanisa la Roho, wale wa kanzu nyeupe na ngoma. Utaratibu ulikuwa mmoja. Kila mtu husoma aya moja kwa zamu, anaifasiri, na wengine ni lazima wamjibu. Tafsiri haiachwi hewani. Wangechi aliipenda sana kanuni hiyo, maana katika vyuo vyote alivyofundisha hakuna aliyewahi kumjibu chochote.

Tena kulikuwa na kiti. Alikuwa amesoma mahali kwamba vikundi vya namna hiyo huko ng'ambo huacha kiti kimoja kitupu, kwa ajili ya dini isiyokuwa na mtu wa kuisemea. Akaona ni adabu njema. Kila Jumamosi alivuta kiti cha mezani, akakiweka kati yake na Mwalimu Aoko, akasema, "Na hiki ni cha asiyekuwepo. Karibu." Mtu yeyote wa kawaida angemwambia usimkaribishe usiyemjua jina, lakini hakuna mtu wa kawaida aliyeulizwa.

Basi siku hiyo Githae alisoma aya ya tano, Ustadhi akasoma ya sita, Wangechi ya saba. Ya nane ikasomwa vizuri sana, kwa sauti tulivu, ikituama kwa muda mrefu palipo na pengo, na msomaji akaeleza kwamba Habili hakushangaa alipoambiwa lile jambo, kwa sababu alikuwa amelishuku muda mrefu. Githae akasema hoja hiyo ni nzito. Ustadhi akajibu kwamba inakubaliana na Kurani, ambako yule ndugu anakataa kuunyosha mkono wake kujitetea. Kisha Mwalimu Aoko akasoma ya tisa, wakaendelea.

Wangechi alikuwa anaosha vikombe, wageni wameshaondoka, alipojiuliza ni nani aliyesema Habili alishuku. Akakausha mikono, akampigia Aoko simu.

"Mwalimu, ile hoja ya Habili ilikuwa yako?"

"Yangu? Yawa, mimi nilisoma ya tisa. Si ni wewe ulisoma ya nane?"

"Mimi nilisoma ya saba."

Wangechi aligeuka akatazama sebule kupitia mlango wa jikoni. Vitabu vilikuwa mezani kama walivyoviacha. Ila palinukia udongo, udongo mbichi wa shamba lililopinduliwa asubuhi, ndani ya nyumba ya vigae kuanzia mlangoni hadi bafuni.

"Labda ni Ustadhi alisoma mbili," Aoko akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Wangechi alikubali haraka. Hoja yenyewe alikuwa ameshaiandika.

Sasa tumseme mume wake. Gathogo aliuza vigae na simiti Ruiru, pamoja na dada yake Wamboi wa Murera, na alikuwa mtu wa maneno mengi. Akiingia nyumbani huanza mlangoni: mteja gani kamletea kichekesho gani, nani kapaka rangi gani, mtoto wao Ronny kawaambia nini walipomtembelea shule ya bweni. Hakuwa mbaya. Alimpenda mkewe kwa vitendo, alizilaza zile sakafu zote kwa mikono yake mwenyewe. Lakini Wangechi alikuwa amechoka. Mara ngapi alikuwa amesema, "Baba Ronny, nipe kimya kidogo, nasoma"? Na mara ngapi alikuwa ametamani, bila kumwambia mtu, kwamba siku moja tu mumewe afungue mdomo na kutaja jambo lisilokuwa na bei!

Jumamosi iliyofuata Gathogo alirudi mapema, vumbi la simiti hadi kwenye nyusi. Akawakuta kwenye duara, kochi lake limekaliwa na Daktari.

"Habari zenu wasomi? Hii kiti iko na mtu?"

"Hiyo ni ya asiyekuwepo," Wangechi akasema, na uso wake ulimwambia aende jikoni.

"Basi ni yangu. Si unaniambianga siko hapa nyumbani?" Akaketi, akachovya mandazi kwenye chai ya mkewe. Wote wakacheka. "Lakini ni nani anachoma nyama? Naskia mafuta ya kondoo."

Hakuna aliyekuwa anachoma chochote. Zamu ikaja, ikamfikia, na Wangechi alikuwa ameshafungua mdomo amruke, kwa kuwa Gathogo hasomi kitu isipokuwa risiti. Gathogo akameza mandazi. Akasoma aya ya nane, na mikononi mwake hamkuwa na kitabu. Sauti ilikuwa yake, ila ilikuwa kama imepigwa pasi.

"Mnasema Kaini alikasirika," akasema. "Mwenye hasira hapotezi wakati wa kuzungumza, anapiga. Huyu alizungumza kwanza. Kwa hiyo maneno hayakuja kabla ya kuua. Kuua kulianzia kwenye maneno."

Daktari Githae alivua miwani. Ustadhi Kimeu akasema, "Subhanallah, Bwana Gathogo, kumbe umekaa na hazina hivi!" Wakamjibu, akawajibu, wakamjibu tena, na alasiri nzima ikaenda hivyo. Wangechi alimtazama mumewe na kifua kikamjaa fahari mpaka akashindwa kuandika. Ni Mwalimu Aoko peke yake aliyekuwa amevuta kiti chake nyuma.

"Umeyatoa wapi haya?" akamwuliza.

"Nilikuwepo," Gathogo akasema, na wote wakacheka tena, maana walijua ni mtu wa mzaha.

Tangu siku hiyo Gathogo akanyamaza. Alikuja, akala, akakaa. Hakusimulia chochote. Wangechi alisoma kwa amani jioni ya kwanza, na ya pili, na akaifurahia, tusimpake mafuta. Kisha Wamboi akapiga simu kutoka dukani.

"Mama Ronny, huyu ndugu yangu amekuwaje? Customer anamuuliza bei ya tiles, anamwangalia tu. Nimemwambia ng'ombe yetu imezaa, hata hajasema 'ai'. Gathogo! Mtu wa kupigia ng'ombe makofi!"

"Amechoka tu."

"Kuchoka gani hii? Ako na harufu ya shamba na hajashika jembe."

Wangechi alisema atampeleka hospitali. Hakumpeleka. Asubuhi hiyo, kabla mumewe hajaenda dukani, alikuwa amegundua kitu: akimuuliza habari za kawaida, unataka uji, umelalaje, Gathogo hakujibu. Akimuuliza maandiko, alijibu. Na majibu yake! Alimweleza kwa nini Mungu aliipokea sadaka ya mmoja bila kutoa sababu, kwa nini Kurani haiwataji wana wa Adamu kwa majina, kwa nini damu ndiyo iliyolia na si Habili. Aliyasema kwa upole, ameshika kikombe kisichonywewa, na kila jambo alilisimulia kama mtu anayekumbuka, si kama mtu aliyesoma. Wangechi aliuliza, akaandika, akauliza. Sura ya nne ikaenda na kurudi. Pembeni msimamizi alikuwa ameandika: hongera, sasa tunasikia sauti yako.

Alijua. Tusidanganyane, alijua. Mtu haishi na mume miaka yote hiyo asijue kwamba anayejibu siye. Lakini alijiambia amalize sura hii, halafu atafute msaada, na sura ilipokwisha akajiambia hivyohivyo kuhusu sura iliyofuata.

Kilichomshtua ni mchana mmoja ambapo umeme ulipotea. Alikuwa anaandika, na Gathogo ameketi mbele yake akieleza alama aliyotiwa Kaini, na kompyuta ilipozima Wangechi aliinua kichwa, jambo ambalo, aliona sasa kwa aibu, hakuwa amelifanya kwa siku nyingi, kwa kuwa alikuwa akiyasikiliza maneno na kuyaandika bila kumtazama aliyekuwa anayatoa. Mdomo ulikuwa unazungumza kwa utulivu uleule, sentensi zimepangika, na juu ya mdomo huo macho ya Gathogo, macho yenyewe, yale ya mtu wa kucheka, yalikuwa yanalia, machozi yanashuka hadi kwenye midomo iliyoendelea kufasiri bila kukwama, na mkono wake wa kulia ulikuwa umetambaa juu ya meza polepole, kama mtu anayesukuma gari lililozama matopeni, mpaka ukamfikia, ukamshika kifundo cha mkono, ukambana. Na katikati ya neno, kwa sauti yake ya kawaida, ndogo, ya mbali, akasema, "Mama Ro..." Kisha ile sauti nyingine ikalimeza neno hilo na kuendelea na Kaini.

"Baba Ronny!" Wangechi akanong'ona. "Uko wapi?"

"Hilo ni swali zuri," mdomo ukasema. "Hata katika aya ya tisa Mungu anauliza hivyo, na wafasiri wamegawanyika. Wewe unaonaje, alikuwa hajui?"

Wangechi alikimbilia nje kwenye jua, akakaa kwenye ngazi, akatoa simu.

Aliwaita wenzake wote wa kikundi waje upesi. Wakaja upesi. Wamboi alikuja pia kutoka dukani, na aproni yake ya kazi, akasimama mlangoni akiwa amekunja mikono, akamtazama kaka yake aliyekuwa ameketi kwenye kile kiti kama mwenyekiti wa mkutano.

"Huyu ni pepo mchafu," Githae akasema kwa sauti ya chini.

"Ni jini," Ustadhi akasema. "Pepo na jini si kitu kimoja, Daktari. Jini ana imani yake ama hana, anazaa, anakufa."

"Ni roho ya mtu," Aoko akasema. "Mtu aliyekufa vibaya. Mimi nimewaona."

"Kwa upande mwingine, neno la Kigiriki linalotumika..."

"Daktari!" Wangechi akasema. "Mtoeni kwanza. Mtampa jina akishatoka."

Githae alisimama, akainua mkono, akamwamuru atoke kwa jina la Yesu, na kusema haki alianza vizuri. Kiumbe kikamsikiliza hadi mwisho. "Jina hilo nalijua na naliogopa," kikasema kwa mdomo wa Gathogo. "Lakini nisaidie, Daktari. Alama ya Kaini ilikuwa adhabu au ulinzi?"

"Ulinzi, bila shaka," Githae akasema, "kwa sababu ukisoma muktadha..." Na mkono ukateremka. Alipokumbuka alichokuwa anafanya alikuwa ameshataja mababa wa kanisa watatu.

Ustadhi akasonga mbele na maji yake kwenye chupa, akaanza kusoma, sauti nzuri inayotuliza nyumba. Alipovuta pumzi, kiumbe kikaipokea aya iliyofuata, kila herufi mahali pake, kisha kikauliza ni kwa nini wana wa Adamu hawakutajwa majina. Ustadhi alijizuia. Jasho lilimtoka, aliuma mdomo, lakini swali hilo alikuwa amelifundisha maisha yake yote na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza. "Wanazuoni wamesema..." akaanza.

Mwalimu Aoko akapiga ngoma, akaimba. Kikaimba naye, sauti ya pili, tamu. Kisha katikati ya wimbo kikauliza, "Ni nani aliyemzika Habili?"

"Kaini mwenyewe, akifundishwa na kunguru," Ustadhi akasema.

"Hiyo haiko kwa Biblia," Aoko akasema, na ngoma ikanyamaza.

"Biblia haisemi, lakini kutosema si kukanusha," Githae akasema, na wote watatu wakageukiana, vidole juu, sauti juu, na harufu ya udongo ikapanda ndani ya nyumba mpaka Wangechi akahisi kama amelala kifudifudi shambani. Akamtazama mumewe. Kila mmoja wao alipojibu, mabega ya Gathogo yalizidi kulegea na mkono uliomshika Wangechi ulikuwa sasa unaning'inia kando ya kiti. Wasomi watatu, pepo mmoja, na Githae alikuwa anapendekeza tarehe ya kikao kijacho.

"Ni tukio la ajabu, Wangechi," akasema, macho yanang'aa. "Tukiliandika vizuri sisi wanne..."

"Tokeni," Wangechi akasema.

"Lakini hatujafikia..."

"Tokeni nyumbani kwangu! Mnamlisha! Mimi nimemlisha, na ninyi mnamlisha! Huyu ni bwana yangu, Daktari, si tukio!"

Wakakusanya vitabu vyao wakatoka, wamefadhaika kweli, na hata langoni walisikika wakiendelea kuhusu kunguru. Wamboi alikuwa bado mlangoni.

"Mama Ronny," akasema. "Ndugu yangu ako wapi?"

Kiumbe ndicho kilichocheka kidogo.

"Ako huko ndani," Wangechi akasema baadaye jikoni, kwa mnong'ono. "Anakaliwa. Huyu kitu anaishi kwa kujibiwa. Tukimjibu anashiba, tukinyamaza labda atatafuta kwingine. Na usimuulize kitu, hata kimoja."

"Mimi sina maswali ya Kaini," Wamboi akasema. "Niko na maswali ya simiti."

"Basi mwambie Gathogo habari za simiti. Lakini usiulize. Simulia tu."

Jumapili, baada ya kanisa, walifunga mlango wakaketi naye, mmoja kila upande. Wamboi alikuwa na sinia la njahi, yale maharagwe meusi, mapajani, anachambua na kusimulia. Alisimulia ng'ombe alivyozaa ndama mwenye doa la ajabu. Alisimulia jirani yao wa Murera aliyejenga choo mlango ukaelekea barabarani. Kiumbe kilimkatiza, kikafasiri, kikauliza. Wamboi alikipita kama mtu anayepita redio ya jirani. Kwake ilikuwa kazi nyepesi.

Kwa Wangechi haikuwa nyepesi hata kidogo. Kwanza kikamsifu, kikasema hakuna msomi aliyewahi kulikaribia pengo lile kama yeye. Akanyamaza. Kisha kikaanza kufasiri vibaya makusudi, makosa ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, moja baada ya jingine, na kila kosa lilimwasha ulimi kama pilipili, na akanyamaza. Kisha kikaichukua tasnifu yake na kuibomoa, sura kwa sura, kwa haki, kikimwonyesha palipo pabovu ambapo yeye mwenyewe alipajua na alitumaini hakuna atakayepaona, naye alikalia mikono yake, akasikiliza habari za choo cha Murera, na machozi ya hasira yakamtoka kwa sababu angeweza kujitetea, angeweza kwa sentensi moja tu.

Vitabu vya kwenye rafu vikaanza kufunguka kurasa, taratibu, ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa. Wamboi aliziona, lakini hakuacha kusimulia: ndama, maziwa, bei ya mifuko ya simiti. Harufu ya udongo ikawa nzito na chini yake ikaja ile ya mafuta ya kondoo yanayoungua, na chini ya hiyo harufu nyingine ambayo Wangechi hakuwahi kuinusa na bado aliijua. Kiumbe kikainama kikamkaribia, kikatumia mdomo wa Gathogo uliokuwa umekauka na kupasuka, kikasema kwa upole mkubwa:

"Basi. Umenishinda. Nitakupa ulichotaka, niende. Nilikuwa nimesimama karibu nao kama nilivyo karibu nawe sasa. Kaini alimshika nduguye mkono. Akainama sikioni. Akamwambia hivi: 'Habili, huyu tunayemtolea sadaka...'"

Kikanyamaza.

Kilikuwa kinangoja neno moja. Nini? Endelea. Kisha? Hata pumzi ya kushangaa ingetosha. Miaka yote ya Wangechi, kazi zote za muhula, sura zote zilizorudishwa, usiku na mchana wake wote ulikuwa umesimama mbele ya pengo lile, na sasa pengo lilikuwa limefunguka mlango, na yeye alijaza mdomo wake kwa pindo la sweta, akauma, akauma mpaka akasikia ladha ya damu, akatikisa kichwa huku na huku, na Wamboi upande wa pili alikuwa anasema kwa kilio, na ndama tumemwita Simiti, Gathogo, tumemwita Simiti kwa sababu yako, na maziwa ya mama yake ni mengi, utakuja uyaone, utakuja.

Kurasa zikatulia. Harufu ilikatika ghafla. Gathogo akakohoa, akatema kitu cheusi kwenye kiganja, tonge la udongo, akalitazama kwa mshangao.

"Chai," akasema, sauti imekwaruza. "Na Wamboi, hizo njahi ziko na mawe, unatoa mbegu na kuacha mawe. Ati ndama anaitwa nani?"

Wamboi alimrukia shingoni. Njahi zikamwagika sakafu nzima. Wangechi alitoa sweta mdomoni, akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani pa mumewe, akalia, na Gathogo akampapasa nywele akisema pole, pole Mama Ronny, nilikuwa nakuskia, nilikuwa naskia kila kitu.

Kikundi kilivunjika. Githae na Ustadhi walituma salamu na maswali, Wangechi hakuwajibu. Gathogo alirudi dukani, akawa tena mtu wa maneno mengi, zaidi ya zamani. Alizungumza akila, akioga, akifunga viatu. Hakupenda kimya tena, na nyumba ikawa kama redio isiyozimwa. Wangechi alimshukuru Mungu kila asubuhi, na alimaanisha. Kisha aliketi mbele ya tasnifu, ambayo msimamizi sasa aliitaka kwa hamu, imebaki sura moja tu, malizia hoja yako. Hakuweza kuandika hata mstari. Huyu tunayemtolea sadaka. Amefanya nini? Ni nani? Alilala na sentensi hiyo, akaamka nayo. Alijaribu kuimalizia mwenyewe kwa kila njia aliyojua, na kila mwisho ulikuwa wa kijinga.

Siku moja mchana, wakila ugali na sukuma, Gathogo alikuwa anasimulia juu ya mteja aliyetaka vigae vya kuweka kwenye zizi la mbuzi. Alikuwa amefika mahali pazuri, anacheka kabla hajamaliza. Wangechi hakuwa anasikia. Alikuwa anautazama mdomo wake.

"Baba Ronny," akasema.

"Eeh?"

"Habili aliambiwa nini?"

Tonge la Gathogo likaanguka kwenye sahani. Alimtazama mkewe, akasubiri acheke, aseme ni mzaha. Wangechi hakucheka. Koo la Gathogo likasogea lenyewe, mara moja, kama mtu anayejiandaa kusema, naye akauziba mdomo wake kwa mikono miwili, akaubana, macho yamemtoka, anatikisa kichwa kumkatalia.

Wangechi hakuondoka mezani wala hakumwambia pole. Alikuwa anasubiri jibu.